Mji Fulani Si Malindi

Muyeye, Jumamosi, katikati ya joto la Februari

Tangu asubuhi upepo umetususia. Majani ya mwarubaini mbele ya nyumba yangu yametulia kama darasa lililosikia viatu vya mwalimu mkuu, na mabati juu ya kichwa changu yanatoa milio yenyewe kwa kupashwa moto. Nimeoga, nikaoga tena, na bado leso imenigandama mgongoni. Kuhusu hali ya moyo, nimekasirika. Naliandika hilo mapema ili nisije nikajifanya mtulivu huko mbele.

Nimefeli.

Si mtihani wenyewe. Mtihani wenyewe ni Jumamosi ijayo. Nilichofeli leo ni moko, yale majaribio ambayo mwalimu wetu alitutungia ili tujipime kabla ya siku yenyewe. Lakini kufeli ni kufeli. Nimewapa watoto wa watu alama nyekundu kwa miaka mingi nikiwaambia kwamba alama si aibu, ni taarifa tu. Leo nimepewa taarifa hiyo mimi, na naona ilikuwa aibu muda wote ule, wala hawakunieleza.

Kwa anayepita ukurasa huu kwa mara ya kwanza: mimi ni mwalimu mstaafu. Naitwa Kadzo, ingawa wengi hapa mtaani wananijua kwa jina la Mwalimu tu. Nimefundisha Kiswahili na Historia katika shule za upili za pwani hii, Matsangoni kwanza, kisha Malindi, mpaka serikali iliponiarifu kwamba nimetimiza miaka sitini na sasa nikapumzike. Nilipumzika. Nilipumzika hadi nikachoka kwa kupumzika. Sasa naomba nafasi ya kusomea sheria katika chuo kimoja cha Mombasa ambacho huwapokea watu wa umri mkubwa, kwa sharti kwamba wapite mtihani wa kuingilia. Una sehemu tatu: ufahamu, insha na mantiki. Ukianguka sehemu moja, umeanguka zote. Na chuo kimetangaza kwamba mlango huu wa watu wazima unafungwa mwaka huu. Anayetaka kuingia, aingie sasa. Atakayechelewa atabaki nje na wasiwasi wake.

Ufahamu nimepita. Insha nimepita, na ningeona ajabu kama nisingepita. Nilikoanguka ni mantiki.

Watu huniuliza, kwa nini sheria, Mwalimu? Kwa nini usifuge kuku? Basi nieleze mara moja, nisiulizwe tena. Mtaa wetu wa Muyeye, hapa Malindi, umejengwa juu ya ardhi ya mtu mwingine. Nyumba ni zetu, udongo si wetu. Mwenye udongo alipofariki, warithi wake walimtuma wakili kijana aje azungumze nasi. Alizungumza Kiingereza, akakinyunyizia Kiswahili kidogo kama mtu anayeogopa chumvi. Watu wakapiga makofi kwa adabu. Mimi nikanyoosha mkono nikauliza: aliyejenga ana haki gani siku akiambiwa aondoke? Yule kijana akatabasamu, akasema, "Mama, hayo waachie wanasheria."

Neno lile lilinikwama kooni kama mwiba wa samaki, na kila mtu wa pwani anajua dawa ya mwiba ni kumeza tonge kubwa. Hili ndilo tonge langu.

Turudi kwenye aibu ya leo.

Tunasomea katika chumba kidogo nyuma ya kanisa, karibu na soko. Anayetufundisha anaitwa Wambui. Ni karani katika ofisi ya wakili hapa mjini na ana shahada ya sheria tayari. Wazazi wake walitoka bara, yeye kazaliwa Malindi, na Kiswahili chake hakina kasoro isipokuwa haraka. Ananiita Mwalimu, nami namwita Mwalimu, kwa hiyo darasani mtu akiita "Mwalimu!" tunageuka wote wawili. Mtihani utakuwa kwa Kiingereza, lakini yeye hututungia maswali ya mantiki kwa Kiswahili kwanza. Husema kwamba ukishaijua njia kwa lugha yako, Kiingereza ni kubadilisha viatu tu.

Kifungu chenyewe nakinakili hapa kama kilivyokuwa:

"Katika mji fulani, mwenye ardhi ndiye mwenye kila kitu kilichoshikamana na ardhi hiyo. Ali ana ardhi katika mji huo. Baraka amejenga nyumba ya mawe juu ya ardhi ya Ali. Je, nyumba ni ya nani?"

Majibu ya kuchagua yalikuwa manne: ya Ali, ya Baraka, ya wote wawili, haiwezekani kujua.

Mimi niliandika ya Baraka. Niliandika bila kusita, tena kwa huruma fulani kwa aliyetunga swali jepesi hivyo. Kisha, kwa kuwa nafasi ilibaki pembeni, nikaeleza. Nikaeleza kwamba huku kwetu mtu anaweza kumiliki nyumba bila ardhi. Kwamba ataiuza, atairithisha, ataiezua na kuiezeka upya, na mwenye ardhi atakachodai ni ijara tu, yaani kodi ya uwanja. Nikaongeza mfano wa minazi. Nilipokuwa nafundisha Matsangoni, jirani yangu alikuwa na minazi ndani ya shamba lisilo lake. Shamba liliuzwa, likauzwa tena, na kila mnunuzi aliikuta minazi pale na mwenyewe juu yake akiangua nazi. Hakuna aliyepiga kelele. Maswali yaliyofuata yote yalitegemea kifungu hicho hicho, nami nikayajibu yote kwa msimamo huo huo.

Nilikuwa na msimamo. Nikanyimwa alama kwa msimamo.

"Mwalimu," Wambui akaniambia akinirudishia karatasi, "hapa umeniandikia insha pembeni."

"Nimetoa sababu."

"Swali halikuomba sababu."

"Na swali lisiloomba sababu nalo ni swali?"

Hapo Mutua akaingilia. Mutua ni Mkamba, mhasibu wa hoteli moja ya ufuoni, mtu mwema asiyejua kunyamaza. "Mwalimu, hii si ilikuwa rahisi? Nyumba ni ya Ali. Mimi sikuwaza hata kidogo."

"Hukuwaza, ndiyo maana," akasema Salma. Huyu ni binti wa mji wa kale, anauza vitambaa vya buibui dukani kwa babake na ana ulimi wenye makali ya mkasi wake. Naye pia alikuwa amejibu ya Baraka. "We Mutua, hebu niambie. Wakaa wapi?"

"Muyeye."

"Nyumba ya nani?"

"Ya Mama Zuhura."

"Na uwanja?"

Mutua akakuna shingo. "Uwanja ni wa mtu mwingine. Hata simjui."

"Haya. Jioni ukifika, mwambie Mama Zuhura kwamba hana nyumba. Mwambie uso kwa uso, ukiwa umeshiba. Kisha utafute pa kulala."

Darasa zima likacheka, nami nikacheka zaidi ya wote, maana nilidhani kesi imekwisha na nimeshinda. Mutua akangoja kicheko kiishe, kisha akasema maneno ambayo nimekuja nayo mpaka nyumbani.

"Salma, hiyo ni Muyeye. Mimi nazungumzia mtihani."

Nilimtazama Wambui ili amkemee. Hakumkemea. Akatuomba tunyooshe mikono: nani alijibu ya Ali, nani ya Baraka? Ikawa kama mtu kachora mstari katikati ya chumba. Waliotoka bara wote, ya Ali. Sisi wa pwani wote, Waislamu kwa Wakristo, wa mjini kwa wa mashambani, ya Baraka. Isipokuwa kijana mmoja wa Kilifi aliyejibu "haiwezekani kujua," na nadhani yeye alikuwa amechoka tu.

"Salma amepata kuhusu Muyeye," Wambui akasema, "lakini kuhusu mtihani Mutua ndiye aliyepata. Mwalimu, mji fulani si Malindi."

Mji fulani si Malindi. Nililisikia hilo kama kofi.

Nitaeleza, kwa sababu mzizi wa kosa langu uko kwenye neno moja, na neno hilo nimelifundisha mimi mwenyewe kwa mikono hii yenye chaki. Fulani. Kwenye vitabu vya sarufi tunasema ni neno la kutaja kitu bila kukitambulisha. Sawa. Lakini nenda ukasikilize linavyotumika kwenye vichochoro vyetu. Mtu akisema, "Kuna mtu fulani hapa mtaani haoni haya," jua kwamba wote wanaosikiliza wanamfahamu mtu huyo, na huenda yupo hapo hapo anakunywa kahawa. Akina mama wakisema, "Nyumba fulani leo hawakupika," basi mlango wenyewe wameshautupia jicho. Fulani kwetu ni chakula kilichofunikwa kawa. Hukioni, lakini harufu imeshakwambia ni nini.

Kwa watu wa mantiki, fulani ni sahani tupu. Chini ya kawa hakuna kitu. Mji fulani ni mji usiokuwepo, hauna mitaa, hauna Mama Zuhura, hauna mtu aliyewahi kuishi humo, na sheria yake ni ile tu iliyoandikwa kwenye mstari wa kwanza. Humo mwenye ardhi ndiye mwenye kila kitu, kwisha. Ali ana nyumba asiyoijenga, na Baraka hana hata mlango.

Mimi nilisoma "mji fulani," nikasikia harufu, nikafunua kawa, nikaona Malindi. Nadhani ndivyo tulivyofanya sote wa upande wangu. Ni kosa la watu waliolelewa katika lugha ambamo hakuna neno lisilo na mwenyewe.

Nilijaribu njia ya mwisho. "Na kifungu kikiwa kimekosea?"

"Kifungu hakikosei, Mwalimu. Kifungu ndicho kifungu."

Wambui hakusema kwa kiburi. Alisema kama mtu anayekuonyesha tundu barabarani ili usiteguke mguu. Najua tofauti, kwa hiyo simkasirikii yeye.

Nilirudi nyumbani kwa miguu nikilitafuna jambo hilo. Nilipofika kwenye kinu cha kusagia mahindi nilikuwa nimeshakubali sehemu moja na kukataa nyingine. Nimekubali kwamba mtihani ni mchezo wenye mistari yake, na anayecheza nje ya mstari hata akifunga bao halihesabiwi. Jumamosi nitauheshimu mstari. Wakiniambia katika mji fulani ng'ombe hutaga mayai, nitauliza trei ziko wapi. Ninachokataa ni kuamini kwamba kifungu kilishuka kutoka mbinguni. Kuna mtu aliyekiandika. Alikuwa na kiti, na dirisha, na huko nje ya dirisha aliona nyumba za namna fulani, si za namna yetu. Nakwenda kusomea sheria ili nijue vifungu huandikwa na nani, na siku ya kuandika kwa nini hakupita Muyeye kwanza.

Hayo ya asubuhi. Sasa ya mchana, ambayo ni mazito zaidi.

Nilimkuta Charo ameketi kibarazani kwangu, kiroba cha mihogo miguuni. Charo ni mdogo wetu wa mwisho. Yeye na Karisa, anayenifuata mimi kuzaliwa, wanakaa kijijini Adu, katika shamba alilotuachia marehemu baba. Shamba halijagawanywa tangu afariki. Wao wanalima, mimi napelekewa mahindi na korosho msimu ukiwa mzuri, na hakuna aliyewahi kulalamika.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Umekuja na jua lote hili?"

"Nimetumwa."

"Najua. Umenisemesha Kiswahili tangu mlangoni."

Kwa maana Charo akija kunisalimu tu, hunisemesha Kigiriama, tena cha utani. Akiwa na ujumbe wa watu, huvaa Kiswahili kama mtu anayevaa koti la harusi ya jirani. Nikamwekea maji, nikamwekea chai, nikakaa. Nilijua koti hilo halikuja kwa mihogo.

"Kaka Karisa anasema kikao cha shamba kitakuwa Jumamosi ijayo. Mipaka itawekwa siku hiyo hiyo, watu wakiwa wanaona."

"Jumamosi ijayo nina mtihani. Nilimwambia Karisa mwenyewe kwa simu."

"Anajua."

"Sasa nani ameichagua Jumamosi?"

"Wazee."

"Wazee gani?"

Charo akaitazama chai yake. "Wazee fulani tu, dada."

Jamani, nilicheka! Nilicheka hadi jirani akachungulia ukutani. Maskini Charo akadhani nimeridhika, akaanza kucheka naye. Angejua nimetoka kufelishwa na neno hilo asubuhi asingelitumia. Lakini hapa hatukuwa kwenye karatasi ya Wambui. Hapa lilikuwa fulani la kwetu, na harufu ilikuwa imeshajaa kibaraza kizima.

"Hao wazee fulani, mmoja wao si Karisa?"

Charo akapuliza chai.

"Na wa pili?"

"Dada, usinitie taabuni. Kuna maneno yanasemwa huko. Watu wanasema unasomea sheria ili uje utushitaki."

Niandike ukweli hapa, maana kama si hapa ni wapi. Sijawahi kuliwaza hilo. Sijawahi, hata siku moja, kukaa na kufikiria sehemu yangu ya shamba la Adu. Nilijiona mwanamke mwenye nyumba yake mjini, nyumba bila ardhi lakini nyumba, na nikawaachia wadogo zangu jembe.

Sasa nimeliwaza.

Charo akaendelea, kwa sauti ya chini, na nadhani sehemu hii ndiyo aliyotumwa hasa. Kwamba Karisa si mtu mbaya. Kwamba nikiuacha mtihani, nikaja kikaoni kama mkubwa wao na kuwabariki, Karisa yuko tayari kunipa kile kipande cha karibu na barabara.

"Anipe?" nikauliza. "Karisa anipe mimi shamba la baba yangu?"

"Ni namna ya kusema, dada."

"Ni namna ya kusema, ndiyo. Na namna ya kusema ndiyo ninayoifahamu kuliko kitu kingine duniani."

Nilisema hivyo kwa sauti kubwa, lakini ndani sikuwa mkubwa kiasi hicho. Kipande kile nakipenda. Kina udongo mwekundu na kiko juu kidogo, maji ya mvua hayatuami. Kwa muda, Charo akiwa anazungumza, mimi nilishajenga pale nyumba ndogo ya vyumba viwili, juu ya ardhi ambayo hakuna warithi watakaomtuma kijana wa Kiingereza kuja kunifukuza. Nyumba na ardhi, vyote kwa jina moja. Nimeishi Muyeye muda mrefu vya kutosha kujua thamani ya jambo hilo. Nikaweka hata mapazia.

Kisha nikayashusha.

Nikamwambia Charo achukue ujumbe wangu, na nikamfanya aurudie mbele yangu kama mwanafunzi. Dada hajakataa kikao, amekataa siku. Siku nyingine yoyote atakuja, kwa miguu yake, na atawasikiliza wote. Lakini mkigawa bila yeye hamjagawa, mmejipimia tu. Charo aliukosea mara ya kwanza, akasema "mmejipimia nyinyi," akijitoa mwenyewe. Nikamwuliza, kwani wewe umo au humo? Akaurudia vizuri.

Alipomaliza, koti lilimtoka. Akarudi Kigiriama, akaniuliza mtihani wenyewe ni wa namna gani hata ukashinda shamba. Nikamsomea swali la Ali na Baraka. Hakungoja nimalize majibu.

"Nyumba si ya Baraka? Hilo nalo ni la kuuliza watu wazima?"

"Umefeli, Charo."

"Nimefeli nini?"

"Umefeli kama dadako."

Nikamweleza habari ya mji fulani, kwa utaratibu, kama ninavyoeleza kila kitu, na yeye akanisikiliza huku akimenya muhogo kwa kisu. Mwishoni akasema kwamba mji huo, popote ulipo, asingetaka kuoa huko. Tukacheka kama zamani. Aliponiaga alinishika mkono muda mrefu kuliko kawaida, na hakuniambia yuko upande gani. Sikumwuliza. Anaishi ua mmoja na Karisa. Mimi ninaishi mbali na vikohozi vyao.

Muda mfupi kabla sijaketi kuandika haya, Karisa mwenyewe amepiga simu.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, Karisa."

"Charo amenieleza. Kikao kipo pale pale."

"Mtihani nao upo pale pale."

Nilisikia kuku wakihangaika nyuma yake, na mtu akiwafukuza. Nadhani alikuwa anangoja niongeze neno, maana maisha yangu yote nimekuwa mtu wa kuongeza neno. Sikuongeza.

"Usije ukasema hukuambiwa," akasema.

"Wala wewe."

Akakata.

Naogopa. Sitalipamba hilo. Inawezekana kabisa kwamba jioni ya Jumamosi nitakuwa nimepoteza vyote viwili: nimeanguka mantiki, na huko Adu vigingi vimeshasimama, majirani wameshaona, na kung'oa kigingi kilichoonwa na watu ni kazi ngumu kuliko kukizuia. Najua pia kwamba mdogo wangu hanichukii. Ananiogopa, na anayekuogopa hukupangia siku.

Nimeligeuza jambo hili kila upande kwa mantiki ile ile iliyonishinda asubuhi, na kila mara nafika mahali pamoja. Nikiacha mtihani huu kwa sababu ya kikao, nitaketi pale Adu kama mkubwa wao, nitapewa kiti kizuri na maji ya kunawa, na kila mtu atakuwa amejifunza kitu kimoja kunihusu. Watajua kwamba ninaweza kuondolewa mahali popote kwa kuitwa mahali pengine. Tangu siku hiyo, kila jambo langu litapatiwa kikao chake.

Kwa hiyo sivyo. Kama vigingi vitasimama, vitasimama nikiwa najifunza namna ya kuvihoji, na nitakuja kuvihoji mchana kweupe, kwa jina langu, bila kumpigia mtu kelele. Maneno hayo ya kwamba ninasomea kuwashitaki, najua yametoka kwa Karisa. Hakuwa sahihi alipoyasema. Kama atakuja kuwa sahihi ni juu yake, si juu yangu.

Kesho nitakwenda ibada ya kwanza. Kisha Wambui amekubali kuja hapa, Salma atakuja naye, na hata Mutua ameomba asiachwe. Tutaanza sehemu ya mantiki upya, kuanzia ukurasa wa mbele. Jumamosi wao watakaa Adu. Wakae. Mimi nitakuwa nimeketi Mombasa, miwani puani, nikifungua karatasi.